Ada ya Ngitili katika Nchi ya Dhahabu

Msafiri atokaye Kahama kwa barabara iendayo Kakola na Geita hupita Segese, kata ya Halmashauri ya Msalala katika mkoa wa Shinyanga, na kama hana haraka ataona kwamba amefika katika nchi ambayo maisha ya namna mbili yamepakana pasi na kuamkiana. Kandokando ya barabara mna vishindo vya makarasha yasagayo mawe ya dhahabu, maduka ya vipuri, bodaboda zilizojipanga chini ya miti na vibanda vya kutolea fedha za simu. Ilhali akiiacha barabara na kufuata njia za ng'ombe, hasa katika mwezi wa Septemba, wakati nyika nzima imegeuka rangi ya vumbi na mifugo inanusa ardhi iliyo tupu, yamkini atakutana na kipande cha nchi ambacho majani yake yamesimama kufika kiunoni, hakina seng'enge wala boma la miiba, na ng'ombe wenye njaa wanapitishwa kando yake na mtoto mwenye fimbo, wala hawaingii. Kipande hicho ndicho kiitwacho ngitili.

Siku hizi yamekuwa mengi maneno ya watu wanaotamani kuishi kwa taamuli, wajue watendalo kabla ya kulitenda, wasichukuliwe na kila wimbi la soko. Na nasaha wanazopewa aghalabu huwa za mtu mmoja mmoja: zima simu, amka alfajiri, jitenge na kelele, punguza mali. Imamu wa madhehebu hayo ni yule Mmarekani Henry David Thoreau, ambaye mwaka 1845 alijijengea kibanda kando ya ziwa dogo la Walden katika jimbo la Massachusetts, akakaa humo miaka miwili na ushei, kisha mwaka 1854 akatoa kitabu ambacho kimewanufaisha wengi, wala mimi si wa kumlaumu. Walakini alikwenda peke yake, akarudi peke yake, na ada aliyoishika haikumfunga jirani yake yeyote. Wasukuma na Wanyamwezi, wenyeji wa nchi hii ya ngitili, walilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Kwao kujizuia kulikuwa na majira yake, mpaka wake, mashahidi wake na faini yake. Na historia ya ngitili, kupanuka kwake, kuvunjika kwake na kufufuka kwake, ndiyo hoja iliyo bora kupita zote nizijuazo kwamba busara ya mtu mmoja haimalizi kiangazi kimoja isipolindwa na jirani zake, na kwamba amri ya mkubwa haiwezi kukaa mahali pa ulinzi huo.

Utaratibu wake ni huu. Mvua zinapoanza, mnamo Novemba au Desemba, wakati majani yako kila mahali na hakuna mnyama alalaye na njaa, mwenye kaya huchagua sehemu ya ardhi yake, au kijiji huchagua mteremko wa mlima au ukingo wa mbuga, na kuifunga. Hapo ndipo penye tadbiri yote: hufungwa siku ya shibe. Azma ya kuweka akiba humjia kila mtu siku ya njaa, wakati ambapo hakuna tena cha kuweka, na wazee walioisimamisha ada hii walimjua binadamu vya kutosha hata wakamtaka aahidi wakati ahadi haimgharimu kitu, kisha wakaiweka ahadi yake mikononi mwa wengine kabla haijaanza kumuuma. Tangu siku hiyo hadi Julai au Agosti, na pengine zaidi, hakuna mfugo unaoruhusiwa kuingia.

Kiangazi kinapokaza, ngitili hufunguliwa, lakini haifunguliwi yote kwa mara moja. Huliwa sehemu moja mpaka ikaisha, ndipo ifunguliwe ya pili, na wanaotangulizwa ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, wazee, na maksai wa kulimia, kwa kuwa maksai wasipokuwa na nguvu siku mvua ya kwanza itakapoanguka, plau itabaki imeegemea mti na kaya itakosa chakula mwaka mzima. Kundi kubwa hutafutiwa malisho ya mbali. Ngitili ya mtu mmoja yaweza kuwa robo ya hekta nyuma ya nyumba, na yaweza kufika hekta ishirini au zaidi. Ya kijiji hufika hata mia mbili. Mgeni hauoni mpaka wake, maana umeandikwa juu ya kichuguu fulani, mgunga fulani, korongo fulani, mahali njia ya ng'ombe inapokata kona, na mtoto wa miaka minane achungaye ndama anaujua kama ajuavyo mlango wa nyumba ya bibi yake. Mwenye kuuvunja hupelekwa mbele ya dagashida, baraza la wanaume wa mahali, naye hutozwa faini. Akikaidi hutengwa, asisaidiwe kulima wala asijiwe msibani, adhabu ambayo katika nchi ya watu wanaolima kwa kusaidiana ni nzito kuliko kutoa mbuzi.

Msomaji wa Pwani asidhani kwamba haya ni mambo ya bara peke yake. Waarabu tangu kabla ya Uislamu walikuwa na hima, malisho yaliyofungwa. Mtume akalifunga bonde la Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Sayyidna Omar katika ukhalifa wake alimuusia msimamizi wa hima amwachie aingie mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, ila ajihadhari na makundi ya matajiri, kwani tajiri mifugo yake ikifa ana mitende na mashamba ya kurejea, na maskini hana. Wasia huo tutauhitaji mbele.

Ngitili ilipanuka katika karne ya ishirini, na ilipanuka kwa sababu ya misiba. Sotoka ya miaka ya 1890 iliwafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na pale walipotoweka ng'ombe vichaka vikarudi, na pamoja na vichaka mbung'o, na pamoja na mbung'o malale ya watu na nagana ya wanyama. Baada ya Vita Vikuu vya kwanza serikali ya Kiingereza iliifanya Shinyanga kuwa makao ya vita dhidi ya mdudu huyo, chini ya C.F.M. Swynnerton, aliyekuja Tanganyika kuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori, na ambaye alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Naye, kwa kupitia watemi, yaani machifu wa jadi, aliita maelfu ya watu wafyeke vichaka, na akazuia majani yasichomwe mapema ili moto wa mwisho wa kiangazi uwe mkali na uue miti. Kazi ilifaulu. Mbung'o wakarudi nyuma, watu wakasogea mbele na ng'ombe wao, wakapanda pamba, na miti iliyobaki ikageuka kuni na nguzo. Hata mtu aliyezaliwa katika msitu alizeeka katika uwanda. Malisho yalipopungua ndipo watu wakashikilia kwa nguvu zaidi desturi ya kufunga majani, na kila kaya yenye mifugo ikajitahidi kuwa na ngitili yake.

Serikali nayo iliiona ardhi inakufa, na dawa yake ilikuwa amri. Mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka 1947 uliwataka watu wapige matuta ya namna maalumu, watie samadi kiasi maalumu, wapunguze ng'ombe kwa hesabu maalumu, na asiyetii alipelekwa mbele ya hakimu. Nyingi katika sheria hizo, ukizipima kwa akili tu, hazikuwa za kipumbavu. Baadhi yake zilikaribiana na yale waliyoyafanya wazee wenyewe. Walichokichukia watu ni kwamba kujizuia kwao kulikuwa kumeamuliwa katika ofisi ambayo hawakuingia, na bwana shamba aliyekuja kupima matuta hakuwa mtu atakayekaa nao njaa matuta hayo yakishindwa. Chuki hiyo ikawa kuni za siasa: chama cha TANU, kilichokuwa kikidai uhuru, kilinyimwa kibali katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita waliinuka kupinga baraza walilolazimishwa, hata serikali ikasalimu amri. Sheria za matuta zikaachwa. Ngitili, ambayo hakuna gavana aliyeiamrisha, ikaendelea.

Msiba ulioivunja ulikuja baada ya uhuru, tena kwa nia njema, na nia njema ndiyo iliyofanya usitambulike mapema. Utemi ulifutwa mwaka 1963, na pamoja na watemi likapungua nguvu lile daraja la wazee waliokuwa wakiwasikiliza. Kisha mwaka 1973 ikatolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa shamba awe anaishi kijijini, na Operesheni Vijiji ikawatoa watu katika makaya yaliyotawanyika, wakapangwa kwa safu kando ya barabara, ili wapate shule, zahanati na bomba. Shule na zahanati nyingi zilikuja kweli. Lakini ngitili ilibaki nyuma, kwenye matongo, mwendo wa saa moja au mbili kutoka nyumba mpya, na jambo lisiloonwa na jirani halina wa kulilinda; mtu hakujua tena ardhi ile ni ya nani, jirani wa mpakani sasa alikuwa mtu mwingine, na aliyejizuia alijikuta anamwekea akiba mpita njia. Katika miaka michache miti ilikatwa, majani yakaliwa hadi mizizi, na Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wote waliujua kwa jina la HASHI, ukisaidiwa baadaye na Norwei na watafiti wa kilimo cha misitu. Mwanzoni mradi huo nao ulifanya kama walivyofanya waliotangulia: ulifungua vitalu, ukaleta miche ya miti ya kigeni, ukawahimiza watu wapande. Miche mingi ilikufa. Maofisa wake wanastahili sifa kwa jambo moja ambalo maofisa hulifanya kwa nadra, nalo ni kunyamaza na kuuliza, wakagundua kwamba chini ya ardhi iliyoonekana tupu mizizi ya miti ya asili ilikuwa hai, na kwamba katika vichwa vya wazee ada ya kufunga ilikuwa hai vilevile, na kwamba viwili hivyo vikikutanishwa hakuna haja ya kitalu. Wakaacha kupanda, wakaanza kusaidia kufunga. Dagashida ilirudishiwa heshima yake, na Sungusungu, lile jeshi la walinzi wa jadi lililozuka pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, likapewa na kazi ya kulinda majani.

Ngitili zilizokuwa zimeandikwa mwaka 1986 zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii zilikadiriwa kufika hekta 350,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya wakati ule, kabla nchi ya Simiyu na sehemu ya Geita hazijamegwa kuingia katika mikoa mipya mwaka 2012. Mwaka 2002, katika mkutano wa dunia uliofanyika Johannesburg, HASHI ilikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Uchunguzi uliofanywa miaka miwili baadaye ulikisia kwamba vitu vinavyotoka katika ngitili, yaani kuni, nguzo, majani ya kuezekea, asali, dawa, matunda, mboga na malisho, vilikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, nazo zilipita matumizi ya mwezi ya mwananchi wa kawaida wa shamba kwa wakati ule. Wanawake waliokuwa wakitoka alfajiri kutafuta kuni walipunguziwa saa nzima nzima za mwendo. Mimi nashangazwa na wepesi wa kazi yenyewe kuliko na takwimu hizi: hakuna kilichojengwa, hakuna mtambo ulioletwa, watu walikubaliana tu kutofanya jambo fulani mahali fulani kwa miezi fulani.

Ingekuwa hiana kuisifu ada hii bila ya kutaja dosari zake. Dagashida ilikuwa baraza la wanaume, na mwanamke, ambaye ndiye ajuaye kuni zimeishia wapi, alipata habari za maamuzi jioni, chakula kikipakuliwa. Fauka ya hayo, ngitili zilipoanza kuwa na thamani, wenye mifugo mingi walifunga ardhi kubwa, na asiye na ng'ombe wala ardhi akajikuta ananunua majani ya kuezekea ambayo babu yake aliyakata bure. Huo ndio ule wasia wa Sayyidna Omar: hima isiyomtazama mwenye ngamia wachache huwa ukuta wa matajiri. Kuna vijiji vilivyogawa ngitili ya pamoja kwa kaya, kila moja na kipande chake, na viko vilivyouza majani na kujengea madarasa. Vingine havikufanya lolote.

Na sasa dhahabu. Wajerumani waliitambua katika nchi ya Geita, Waingereza wakaichimba kwa mashine tangu miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani wa Geita ulipofungwa mwaka 1966, na katika miaka ya 1970 wananchi wenyewe walianza kuifukua Bulyanhulu, si mbali na Segese, kwa sururu na ndoo. Wachimbaji wadogo waliondolewa hapo mwaka 1996, kwa namna ambayo ingali inabishaniwa, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na ukasimamisha kazi mwaka 2021, maisha mafupi kuliko ya mwembe. Kati ya migodi hiyo mikubwa wachimbaji wadogo hawakutoweka. Huko Nyangalata, mwezi wa Oktoba mwaka 2015, duara, yaani shimo la kuchimbia, liliporomoka juu yao, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mmoja wao akafa hospitalini.

Ukisimama mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, utaelewa mwendo wa maisha hayo. Mawe hutoka duarani katika viroba, hupelekwa karashani na kusagwa hata yakawa unga, kisha unga huoshwa juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia, dhahabu ikanaswa na nyuzi kwa uzito wake, udongo ukaenda zake na maji. Kilichonaswa hutiwa zebaki, hufinyangwa kwa mikono mitupu, hukamuliwa katika kitambaa, na kidonge kinachobaki huchomwa hapo hapo juu ya moto, moshi usioonekana ukimwingia aliyeinama na mama auzaye uji hatua chache kando. Hayo yote huisha kwa siku moja, na jioni fedha iko mfukoni. Tangu mwaka 2019 yako masoko ya madini, la kwanza likiwa la Geita, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Mwaloni, mabadiliko huja kwa miguu.

Wapo wanaomtukana mchimbaji kwamba hana fikra za kesho. Si kweli. Mchimbaji hupiga hesabu kali kuliko mwenye duka: anajua mgawo wa mwenye duara, wa mwenye eneo, wa mwenye karasha, na wa kila aliyeshika sururu, na makubaliano hayo yasiyoandikwa huheshimiwa kuliko mikataba mingi yenye mihuri. Tofauti iko kwingine. Mshipa wa dhahabu haukui ukiachwa, na anayejizuia leo humwachia jirani atakayeufikia kwa upande wa pili. Seuze mtu aliyekuja kutoka mbali, aliyekopa nauli, asiyejua majina ya walio pembeni yake. Dhahabu haina siku ya shibe ambayo watu wangeweza kukaa na kufunga. Kwa hiyo si tabia ya mchimbaji iliyo mbovu kuliko ya mfugaji; mara nyingi ni mtu yuyo huyo, mwenye ng'ombe kwao na kiroba duarani, na akipata fedha hununua ng'ombe wengine, nao huhitaji majani.

Na hapo ndipo dunia hizo mbili, ambazo nilisema haziamkiani, zinapokutana kwa uchungu. Duara haliwezi kuteremka bila ya matimba ya kushikilia kuta zake, na matimba ni magogo, na magogo yaliyo karibu na yaliyonyooka ndiyo yale yaliyoachwa yakue katika ngitili. Mkaa wa kupikia katika makambi na katika mji wa Kahama nao hautoki mbinguni. Mnunuzi hufika na fedha mkononi mwezi wa Septemba, wakati azma ya mwenye ngitili ni dhaifu kuliko siku zote, naye hatoki katika kijiji ambacho faini yake inaogopwa. Ada iliyosimama juu ya kujuana inashindana na mtu asiyejulikana, na kumbukumbu ya kichuguu na mgunga haiwezi kumzuia mwenye lori.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa serikali za vijiji vya Segese na Msalala nzima, ambao wanayo mamlaka hayo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wasingoje mradi mwingine wala mfadhili mwingine. Mvua zijazo zikianza, mpaka wa kila ngitili uandikwe katika daftari la kijiji pamoja na kiwango cha faini. Mkutano unaoupitisha uwe wa wanawake na wanaume. Sehemu ya majani na kuni itengwe kwa asiye na ng'ombe. Na nakala ya uamuzi ibandikwe mwaloni na kwenye makarasha, mahali ambapo wanunuzi wa magogo watauona.